Katiba ikilazimisha bajeti isiyo na nakisi, utekelezaji unakuwaje?

Mizania_Tupu

Wakuu, salaam. Kila deni la taifa linapotajwa, hoja hii inarudi: katiba ipige marufuku serikali kutumia zaidi ya inachokusanya. Wanaoiunga mkono wanasema mwenye nyumba hawezi kuishi kwa mkopo kila mwezi. Wanaoipinga wanajibu kwamba serikali si nyumba. Mjadala unaishia hapo, na mimi naona hapo ndipo ungepaswa kuanza.

Naomba tuzungumzie utekelezaji. Kifungu cha namna hiyo kinaandikwaje? Fedha zipi zinahesabiwa, zipi zinaachwa nje? Mapato yakishuka mwaka ukiwa katikati, nani anafanya nini? Ujerumani, Uswisi na majimbo ya Marekani wanayo tayari, imewaharibikia wapi? Na Marekani ngazi ya taifa wamejaribu mara kadhaa wakashindwa. Walikwama kwenye nini hasa? Nani alikopa zaidi ya nani, hilo tuliweke kando kwa leo.

Hesabu_za_Hazina

Mkuu, nianze na Marekani, maana rasimu yao ya 1995 ni fupi na inaonyesha mtego wote. Ilisema matumizi yote ya mwaka yasizidi mapato yote ya mwaka huohuo, isipokuwa asilimia 60 ya wajumbe wote wa kila bunge wapige kura ya majina kuruhusu kiasi maalumu cha ziada. Kupandisha ukomo wa deni, asilimia 60 vilevile. Kukiwa na vita, sharti lingeweza kusimamishwa. Fedha za kukopa hazihesabiwi kuwa mapato, na kulipa mtaji wa deni hakuhesabiwi kuwa matumizi. Riba inahesabiwa.

Baraza la Wawakilishi lilipitisha kwa kura 300 dhidi ya 132 Januari 1995. Seneti ilihitaji 67. Tarehe 2 Machi ikapata 65 dhidi ya 35. Kwa uhalisia waliounga mkono walikuwa 66: kiongozi wa walio wengi, Robert Dole, aligeuza kura yake dakika za mwisho, kwa kuwa kanuni zinampa aliye upande ulioshinda tu haki ya kuomba hoja irudiwe. Mrepublican mmoja, Mark Hatfield, alikataa kubadilika. Mwaka 1997 Seneti ikajaribu tena: 66 dhidi ya 34. Kura moja tena. Jaribio la 1982 lilikuwa limepita Seneti likafia Baraza la Wawakilishi, na majaribio ya 2011 na 2018 yaliishia humo humo bila kufika theluthi mbili. Hata yangepita, zingehitajika bunge za majimbo 38 kuridhia.

Sasa walikwama wapi? Kwenye maneno "mapato ya mwaka huohuo". Mfuko wa pensheni wa Social Security miaka ile ulikuwa unakusanya zaidi ya unacholipa, makusudi, ili akiba hiyo itumike kizazi kikubwa cha wafanyakazi kitakapostaafu. Ukihesabu kila kitu pamoja, mambo mawili yanatokea. Miaka ya kukusanya, ziada ya wastaafu inafunika nakisi ya serikali, na bajeti inaonekana nzuri kuliko ilivyo. Miaka ya kulipa, mfuko unachota akiba yake halali, lakini kikatiba huko kuchota ni matumizi yaliyozidi mapato, kwa hiyo ni nakisi. Akiba ipo na mwenye akiba haruhusiwi kuigusa mpaka serikali ikate kwingine au ipate ile asilimia 60. Maseneta kadhaa wa Democrat walidai mfuko huo utolewe nje ya hesabu. Waliokuwa wakiisukuma rasimu hawakukubali, maana bila ziada ile pengo la kuziba lingekuwa kubwa zaidi.

Kuna suala la mahakama pia. Bunge likivunja sharti, jaji anafanya nini, anapandisha kodi? Seneta Sam Nunn alisisitiza kipengele cha kuzuia mahakama kuingilia bila sheria ya Bunge kuziruhusu, akakipata. Lakini hapo unabaki na amri isiyo na msimamizi.

Kilindini_Ledger

Nyongeza kuhusu majimbo, kwa sababu hoja ya "majimbo 49 yanaweza, taifa linashindwaje?" inatumika sana. Ni kweli kila jimbo isipokuwa Vermont lina sharti la aina fulani. Lakini kinachosawazishwa ni mfuko wa uendeshaji: mishahara, dawa, mafuta ya magari. Barabara, magereza na majengo ya vyuo yanajengwa kwa hatifungani zilizo nje ya sharti. Tena majimbo yanaruhusiwa kuweka akiba mwaka mzuri na kuitumia mwaka mbaya, bajeti ikahesabika imesawazishwa. Rasimu ya taifa haikuruhusu hata moja kati ya hayo mawili. Anayelinganisha viwili hivi analinganisha dau na jahazi.

Na majimbo yakibanwa hutafuta mlango wa nyuma. New York mwaka 1991 iliuza gereza la Attica kwa shirika lake lenyewe kwa dola milioni 200. Shirika likakopa sokoni, likailipa serikali, serikali ikaandika "mapato", kisha ikawa inalipa kodi ya pango kwa miaka mingi. Huo ni mkopo uliovaa kanzu ya mauzo. Arizona mwaka 2010 ikauza majengo yake, yakiwemo ya bunge la jimbo, ikayapanga. California ilichukua mshahara wa wafanyakazi uliopaswa kulipwa 30 Juni 2010 ikausogeza hadi 1 Julai. Mwaka wao wa fedha unaisha 30 Juni, kwa hiyo siku moja tu iliufuta mshahara wa mwezi mzima kwenye vitabu vya mwaka ule. Kazi ilikuwa imefanyika na deni lilikuwepo. Lililohama ni tarehe.

Mlango mbaya kuliko yote ni kutopeleka michango ya pensheni, sababu hauonekani kwa miaka 20.

Mtu asisahau na wakati wenyewe. Uchumi ukianguka, mapato ya kodi yanashuka na wanaohitaji msaada wanaongezeka kwa pamoja. Jimbo lenye sharti linalazimika kufukuza walimu mwaka uleule watu wanapopoteza kazi. Mwaka 2009 majimbo yaliokolewa na fedha za serikali kuu, ambayo yenyewe ilikopa ili kuwapa. Serikali kuu nayo ingefungwa kamba ileile, nani angebaki wa kukopa?

Bahari_Kaskazini

Ujerumani ni somo refu, nitajitahidi.

Kwanza, walikuwa na sharti hata kabla ya 2009. Tangu 1969 Ibara ya 115 ilisema mkopo wa mwaka usizidi fedha za uwekezaji. Inasikika vizuri: unakopa kujenga, hukopi kula. Ilivuja kwa sababu mbili. Uwekezaji ulihesabiwa mzima bila kutoa uchakavu, hivyo serikali iliyojenga daraja moja huku mawili yakioza ilihesabiwa imewekeza. Na msamaha wa "msukosuko wa uchumi" ulitumika mara kwa mara bila sharti la kurudisha.

Mwaka 2009 wakaweka breki ya madeni, Ibara za 109 na 115. Serikali ya shirikisho inaruhusiwa nakisi ya kimuundo isiyozidi asilimia 0.35 ya pato la taifa, kuanzia 2016. Majimbo sifuri, kuanzia 2020. "Ya kimuundo" maana yake unaondoa kwanza athari ya uchumi kupanda na kushuka, kwa hiyo mwaka mbaya unaruhusiwa zaidi na mwaka mzuri chini. Kuna mlango wa dharura kwa maafa au janga lililo nje ya uwezo wa serikali: unafunguliwa kwa kura za zaidi ya nusu ya wabunge wote, si waliohudhuria tu, na lazima kuwe na ratiba ya kulipa.

Mlango huo ulitumika 2020 hadi 2022 kwa ajili ya korona. Kosa likaja hapa: katika bajeti ya nyongeza ya 2021 serikali ilikuwa na idhini ya kukopa euro bilioni 60 ambayo haikutumika, ikaihamishia mfuko wa hali ya hewa itumike miaka ya mbele. Tarehe 15 Novemba 2023 Mahakama ya Katiba ya Shirikisho ikaifuta. Sababu zilikuwa tatu, na kila moja inatosha kumfundisha mwandishi wa sheria popote. Uhusiano kati ya korona na miradi ile haukuelezwa vya kutosha. Dharura ilitangazwa kwa mwaka mmoja huku fedha zikitumika miaka mingine, wakati ukomo unahesabiwa mwaka kwa mwaka. Na bajeti yenyewe ya nyongeza ilipitishwa Januari 2022, mwaka 2021 ukiwa umekwisha.

Shimo la bilioni 60 likatokea siku moja. Bajeti ya 2023 ikabidi itangaziwe dharura baada ya mambo kupita, na ugomvi wa bajeti zilizofuata ndio uliovunja serikali ya Olaf Scholz Novemba 2024, alipomfukuza waziri wake wa fedha Christian Lindner. Machi 2025 katiba ikarekebishwa: matumizi ya ulinzi yanayozidi asilimia 1 ya pato la taifa yako nje ya breki, mfuko wa euro bilioni 500 wa miundombinu kwa miaka 12 uko nje ya breki, na majimbo nayo yamepewa asilimia 0.35 kwa pamoja.

Watu hutaja daraja la Rahmede kwenye barabara kuu ya A45, lililofungwa Desemba 2021 na kulipuliwa Mei 2023, kama ushahidi kwamba breki iliua miundombinu. Mimi naona ni nusu ya ukweli. Upungufu wa wahandisi na vibali vya miaka mingi vilichangia sana. Lakini pale fungu linapobanwa, matengenezo ndiyo yanayokatwa kwanza, kwa kuwa daraja halipigi kura wala haligomi.

Mizania_Tupu

Asanteni sana wakuu, nimejifunza mengi. Bahari_Kaskazini, hiyo "kuondoa athari ya uchumi kupanda na kushuka" inapigwaje kwa namba? Nimesikia Uswisi wanayo kanuni rahisi zaidi.

Bahari_Kaskazini

Ndiyo, ya Uswisi inaandikika kwenye kipande cha karatasi. Wananchi waliipigia kura 2 Desemba 2001, karibu asilimia 85 wakakubali, ikaanza na bajeti ya 2003. Iko Ibara ya 126. Kanuni: ukomo wa matumizi ni mapato yanayotarajiwa mara kigezo k, na k ni pato la taifa la mwenendo wa muda mrefu kugawa kwa pato la taifa halisi.

Chukua namba za mfano. Mapato ni faranga bilioni 70. Mwenendo uwe 100, uchumi umelala uko 98. k ni 100 ÷ 98, yaani 1.0204. Ukomo ni bilioni 71.43, kwa hiyo nakisi ya bilioni 1.43 ni halali. Sasa uchumi umechangamka uko 102: k ni 0.9804, ukomo unashuka hadi bilioni 68.63, na ni lazima ubaki na ziada ya bilioni 1.37. Waziri habishani na mtu. Kinachofungwa ni matumizi, na nakisi inajikuta yenyewe.

Makadirio yakikosea, tofauti inaandikwa kwenye akaunti ya fidia. Akaunti ikizama zaidi ya asilimia 6 ya matumizi ya mwaka, kilichozidi lazima kifutwe ndani ya miaka mitatu. Matumizi ya dharura yana akaunti yake tofauti, nayo inalipwa kwa ratiba. Baada ya korona Bunge liliongeza muda hadi 2035.

Udhaifu wake uko kwenye huo "mwenendo". Hakuna anayeuona kwa macho, unakadiriwa, na takwimu za pato la taifa hurekebishwa baadaye. Pia wizara huwa hazimalizi mafungu yao, kwa hiyo hesabu za mwisho huelekea kwenye ziada hata pale ambapo kanuni haikudai.

Mkopaji_Mwangalifu

Naona uzi unaelemea upande mmoja, niutetee upande wa pili kwa moyo wote. Deni la shirikisho la Uswisi lilikuwa takriban faranga bilioni 130 mwaka 2005, na 2019 lilikuwa chini ya bilioni 100. Deni la Ujerumani lilitoka zaidi ya asilimia 80 ya pato la taifa mwaka 2010 likashuka chini kidogo ya 60 mwaka 2019. Nakubali riba ndogo na ukuaji wa uchumi vilibeba sehemu ya mzigo. Lakini korona ilipofika, nchi hizo zilikuwa na nafasi ya kukopa kwa masharti mepesi wakati wengine wanabembeleza.

Sharti hata likivunjwa lina kazi. Linamlazimisha waziri asimame hadharani, ataje kiasi, apige kura ya majina, aweke tarehe ya kulipa. Bila hilo nakisi inaingia kimyakimya kila Juni, na anayelipa ni mtoto ambaye hajazaliwa na hana mbunge. Riba haina huruma: kila shilingi inayokwenda huko haifiki zahanati.

Kilindini_Ledger

Ndugu yangu, hapo kwenye kura ya majina na tarehe ya kulipa tuko pamoja kabisa. Ninachokataa ni sharti linaloangalia fedha taslimu tu, na ushahidi hauhitaji ndege, uko Kenya.

Kaunti zetu 47 tayari zinaishi chini ya kitu kinachokaribia sana bajeti ya lazima isiyo na nakisi. Kifungu cha 212 cha Katiba ya 2010 kinasema kaunti haikopi mpaka serikali ya kitaifa iidhamini na bunge la kaunti liidhinishe. Dhamana hizo hazipatikani kirahisi, kwa hiyo kwa vitendo matumizi lazima yalingane na mgao wa kitaifa, ruzuku na mapato ya ndani. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaongeza kwamba mikopo igharimie maendeleo tu, na angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwenye maendeleo.

Angalia kinachotokea, hatua kwa hatua. Mgao wa kitaifa unajulikana, hauchezewi. Mishahara inajulikana. Miradi waliyoahidi wawakilishi wa wadi inajulikana. Jumla haifiki. Namba pekee inayoweza kuvutwa ni makadirio ya mapato ya ndani: maegesho, leseni, kodi ya ardhi, ushuru wa soko. Tuseme kaunti hukusanya milioni 600 kwa mwaka. Kwenye bajeti inaandikwa bilioni 1. Bajeti imesawazika kwenye karatasi. Zabuni zinatangazwa kwa kutegemea bilioni hiyo. Mkandarasi anajenga kalvati, mhandisi anakagua, cheti cha malipo kinatiwa saini. Mwezi Mei zimeingia milioni 550. Mishahara inatangulia, na Msimamizi wa Bajeti hawezi kuidhinisha fedha ambayo haipo kwenye akaunti. Tarehe 30 Juni IFMIS, mfumo wa kompyuta wa malipo ya serikali, inafungwa, na kile cheti kinalala ndani ya faili kikisubiri mwaka ujao, ambao nao una kalvati zake.

Hiyo milioni 400 na ushei ni nakisi. Mkopeshaji ni mkandarasi, na yeye hakuulizwa wala halipwi riba, ilhali benki yake inamdai riba kila mwezi. Msimamizi wa Bajeti ameripoti malimbikizo ya madeni ya kaunti yanayozidi shilingi bilioni 150 kufikia mwisho wa mwaka wa fedha 2022/23, na pia 2023/24. Sharti halikuondoa deni. Lilihamisha deni kutoka soko la hatifungani, ambako lina bei na tarehe, hadi kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Ndiyo maana linaniuma.

Hesabu_za_Hazina

Kilindini umemaliza. Niongeze kidogo ngazi ya taifa: Kenya ilikuwa na ukomo wa deni wa namba kavu, shilingi trilioni 10 mwaka 2022. Mwaka 2023 ikageuza kuwa asilimia 55 ya pato la taifa kwa thamani ya sasa (yaani malipo ya miaka ijayo yakipigwa kwa thamani ya leo), na nafasi ya asilimia 5 ikizidi, na muda wa kufikia hadi Novemba 2028. Namba kavu huliwa na mfumuko wa bei na kushuka kwa shilingi bila mtu kukopa hata senti. Asilimia ni bora, ila pato la taifa likipanda kwa kurekebisha takwimu tu, ukomo nao unapanda.

Itifaki ya Umoja wa Fedha ya Afrika Mashariki, iliyosainiwa 2013, nayo ina viwango vyake: nakisi isiyozidi asilimia 3 ya pato la taifa pamoja na misaada, na deni lisilozidi asilimia 50 kwa thamani ya sasa. Angalieni maneno "pamoja na misaada": mfadhili akiondoka, nchi inavuka mstari bila kuongeza matumizi.

Mizania_Tupu

Basi swali la mwisho. Kama mlango mkubwa wa kuvuja ni makadirio ya mapato, nani ayaandike?

Kilindini_Ledger

Asiwe yule anayehitaji bajeti ilingane. Ujerumani wana jopo la makadirio ya kodi tangu 1955: wizara, benki kuu, ofisi ya takwimu, majimbo, manispaa na taasisi za utafiti wa uchumi wanakaa pamoja mara mbili kwa mwaka, Mei na vuli. Wanaandika namba, na bajeti inajengwa juu yake.

Kwa kaunti ningeweka kitu chepesi zaidi kinachoweza kukaguliwa na mwananchi mwenye kikokotoo. Makadirio ya mapato ya ndani yasizidi wastani wa makusanyo halisi ya miaka mitatu iliyopita, kujumlisha mfumuko wa bei. Kaunti iliyokusanya milioni 560, 600 na 640 ina wastani wa 600. Mfumuko ukiwa asilimia 5, isiandike zaidi ya 630. Kikikusanywa zaidi, kinaingia kwenye bajeti ya nyongeza baada ya kufika benki. Na vyeti vya malipo vilivyotiwa saini vihesabiwe kuwa matumizi siku ya saini, hata kama hela haijatoka. Bila hicho kipengele cha mwisho usihangaike kuandika vingine, maana wataingia mlango huohuo wa faili.